Oduor na Landrova ya Keringet

Oduor alikuwa ameinama juu ya rejeta ya pikapu ya muuza maziwa aliposikia Landrova ya Mzee Kimaiyo ikija barabarani. Hakuhitaji kuinua kichwa. Kwa miaka ishirini na sita alikuwa ameisikia injini ile ikikaribia gereji yake, ikipunguza mwendo penye lango la kiwanda cha magunia, ikikohoa mara mbili kabla ya kukata kona na kuingia uani. Siku hiyo haikupunguza mwendo wala haikukohoa. Ilipita. Oduor alinyoosha mgongo, akafuta mikono kwa kitambaa, akaisindikiza kwa macho hadi ikapotelea upande wa mjini na rangi yake ya kijani iliyochujuka na gurudumu la akiba juu ya boneti.

Kupitwa kulimuuma, lakini angeweza kuvumilia. Kilichomkata maini ni kwamba injini ilinguruma vizuri kuliko alivyowahi kuisikia tangu alipoijua.

Alikuwa mtu wa miaka hamsini na tisa, mzaliwa wa nyumba za reli za Nakuru, mtoto wa fundi wa garimoshi aliyetoka Ugenya akiwa kijana na hakurudi tena ila kuzikwa. Baba yake ndiye aliyemfundisha kusikiliza mashine. Unaweka ncha ya bisibisi ndefu juu ya chuma, mpini unaushikiza kwenye mfupa ulio nyuma ya sikio, kisha unanyamaza mpaka mashine ikwambie inaumwa wapi. Oduor hakuwa na cheti cha chuo chochote. Alikuwa na sikio, na wenye magari ya zamani kutoka Gilgil hadi Rongai walilijua sikio hilo.

Landrova ya Kimaiyo ndiyo iliyompa jina. Mwaka wa 1998 mkulima huyo wa viazi na pareto kutoka Keringet aliifikisha gereji ikiburutwa na trekta, injini imekwama kabisa, panya wamezaa ndani ya kichujio cha hewa. Mafundi wawili mjini walikuwa wamemshauri aiuze kama chuma chakavu. Oduor aliibomoa yote, akaipanga kwenye meza kipande kwa kipande, na baada ya wiki tatu ikawaka. Tangu hapo, kila miezi mitatu, Kimaiyo aliteremka kutoka Keringet ili gari libadilishiwe mafuta, lisafishwe plagi, lirekebishwe tapeti zinazosukuma vali. Walikunywa chai pamoja injini ikipoa. Picha ya gari hilo ilitundikwa ukutani juu ya benchi ya kazi, na mteja mpya akiuliza, Oduor alikuwa tayari kumsimulia.

Kasoro ilikuwa moja tu. Gari likipanda milima ya huko juu lilitoa moshi mweusi na kuishiwa nguvu, mpaka Kimaiyo arudi gia ya pili na kutambaa nyuma ya malori. Alikuwa amelalamika mara nyingi. Kila mara Oduor alimjibu kwamba gari limezeeka, na kitu kilichozeeka hakiwezi kukimbizwa mlimani. Kimaiyo aliamini, kwa sababu uani pale Nakuru gari lilinguruma sawasawa.

Siku mbili baada ya kupitwa, Oduor alikwenda kununua kamba ya feni kwa Wangechi, mwanamke anayeuza spea za magari ya zamani karibu na soko. Aliuliza habari za Kimaiyo kana kwamba jambo lenyewe limemjia tu kichwani. Wangechi, ambaye hakujua kwamba anamchoma, alimweleza yote. Mzee alikuwa ameharibikiwa na gari Elburgon mwezi wa Januari, na mwanamke mmoja mwenye gereji huko, anayeitwa Nasimiyu, akamtengenezea. Alikuwa amefanya kazi miaka mingi kwenye mitambo ya umeme ya Olkaria akihudumia jenereta na pampu, mkataba wake ukaisha, akaja kufungua kazi yake kando ya mashine ya kupasua mbao. Alikuwa ameagiza anunuliwe jeti ndogo za kabureta, vile vijitundu vinavyopitisha petroli, na mzee sasa alikuwa akimsifu kwa kila mtu.

"Jeti ndogo," Oduor alisema.

"Ndio hizo alitaka. Ndogo kuliko zile huwa tunauza."

Alirudi gereji bila kamba ya feni.

Wiki zilizofuata hazikuwa nzuri. Alikuwa akifungua injini ya mtu mwingine na ghafla anajikuta anafikiria mikono ya mwanamke asiyemjua ikishika nati alizozikaza yeye. Alijiambia kwamba jeti ndogo ni ujinga, zitachoma vali, na kwamba kabla ya mvua ya Aprili kwisha Kimaiyo atarudi akiburutwa na trekta kama mara ya kwanza. Aliingoja siku hiyo kwa hamu ambayo ilimtia aibu. Mkewe Valarie, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, alimsikiliza jioni kadhaa wakati wa chakula, kisha akaweka kijiko chini.

"Baba Shantel," alisema, "hujawahi kunionea mimi wivu namna hii. Nilicheza dansi na mwalimu mkuu kwenye harusi ya dada yako, ukaendelea kula."

Oduor alicheka ili yaishe. Jumamosi iliyofuata alimwambia mkewe anakwenda kuangalia mbao za kukarabati paa, akawasha pikapu yake, akapanda hadi Elburgon.

Aliketi kwenye kibanda cha chai mkabala na gereji ya Nasimiyu, akaagiza chai na mandazi, kisha chai nyingine. Landrova ilikuwa pale, boneti wazi. Nasimiyu alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mnene kidogo, amevaa ovaroli ya bluu na kitambaa kichwani. Alipanga vipande juu ya gunia safi kwa mfuatano wa kuvifungua. Alipima nafasi za tapeti kwa vibati vyembamba, akaandika kwenye daftari. Oduor aliona hayo yote na akayatafutia kasoro, na akashindwa. Halafu mwanamke yule alifunga boneti, akaingia kwenye gari, akaliendesha kupanda mlima unaotoka mjini. Baada ya robo saa alirudi, akafungua boneti, akarekebisha kitu kidogo kwa bisibisi, akapanda tena. Alifanya hivyo mara tatu.

Hapo ndipo Oduor alipoacha kunywa chai. Kwa miaka ishirini na sita alikuwa amelirekebisha gari lile Nakuru, kwenye uwanja tambarare, akiwa amesimama. Hakuwahi hata siku moja kuliendesha huko linakoishi. Huko juu hewa ni nyepesi, injini inapewa petroli nyingi kuliko hewa ya kuichoma, ndiyo maana ya ule moshi mweusi. Alilijua jambo hilo. Alikuwa amelisikia kwa baba yake kuhusu garimoshi zilizopanda Mau. Wazo lilimjia likiwa limekamilika, na akalikataa. Alilipa chai yake akaondoka bila kuvuka barabara kumsalimu mwanamke yule, na njiani akajiambia kwamba mtu anayejaribu mara tatu ni mtu asiyejua anachofanya.

Mwezi wa Juni, asubuhi ya Jumatano, Landrova iliingia uani kwake.

Kimaiyo alishuka polepole. Alikuwa na miaka sabini na minne, mrefu, kofia ya sufu kichwani. Alikuwa anakwenda kliniki ya presha, na mjini hakuna pa kuegesha, akaomba aache gari hapo kwa saa mbili au tatu. Kisha, kwa kuwa hakuwa mtu wa kuzungukazunguka, akasema lililokuwa moyoni.

"Fundi, najua umesikia. Hujanikosea kitu. Ni vile huyu mama ako karibu na mimi, na gari sasa inapanda. Ningekwambia mapema, nikaona haya."

Oduor alimjibu kwamba hakuna neno, gari ni lake, alipeleke anakotaka. Walisalimiana tena kwa mkono kama watu wanaoagana. Kimaiyo alimwachia funguo na kwenda zake kwa miguu.

Oduor aliendelea na kazi yake kwa muda. Halafu alifungua boneti ya Landrova, ili aangalie tu. Ndani palikuwa safi kuliko alivyowahi kupaweka. Waya za plagi zilikuwa zimefungwa pamoja vizuri, betri haina unga mweupe. Aliwasha injini, akachukua bisibisi yake, akasikiliza. Alitafuta mlio wa tapeti, akatafuta beringi inayolia, akatafuta chochote. Injini ilikuwa na afya. Ilikuwa kama kwenda kumjulia hali mtu uliyeachana naye na kumkuta amenenepa.

Aliizima. Alichukua spana ndogo, akalegeza bolti inayoshika distribyuta, ile inayogawa moto kwa plagi, akaigeuza upana wa ukucha, na kuikaza tena. Haikumchukua dakika moja. Kwa tofauti hiyo moto ungefika kwa plagi ukiwa umechelewa. Kwenye tambarare mwenye gari asingejua kitu. Mlimani injini ingepoteza nguvu na kupata joto, na mzee angesema jeti ndogo zimemdanganya.

Kimaiyo alirudi saa saba, akamletea kutoka nyuma ya gari debe la viazi alilokuwa amemchagulia mwenyewe shambani. Oduor alivipokea. Gari lilitoka uani na kushika njia ya Njoro.

Alijaribu kufanya kazi. Kila alipogeuka, viazi vilikuwa pale mlangoni. Alianza kuuona mlima ule wa kabla ya Elburgon, kona zake, malori ya mbao yanayoshuka yakiwa yamejaza, na mzee wa presha anayeendesha gari linalozimika. Alipiga simu. Iliita, haikupokewa. Alipiga tena mara nne. Kimaiyo hakuwa mtu wa kushika simu akiendesha, na Oduor alilijua hilo vizuri, kwa kuwa yeye mwenyewe ndiye aliyemkanya zamani. Alifunga gereji mchana kweupe, jambo ambalo majirani hawakuwahi kuliona, akaondoka na pikapu.

Alilikuta gari baada ya Njoro, katikati ya mlima, limeegemea ukingo, mawe yamewekwa nyuma ya magurudumu. Mvuke ulikuwa bado ukitoka kwenye rejeta. Kimaiyo alikuwa ameketi kwenye nyasi, kofia mkononi. Nasimiyu alikuwa amekwisha kufika kwa bodaboda akiwa na mfuko wake wa spana, na mikono yake ilikuwa ndani ya injini.

Mzee alishangaa kumwona Oduor, akamwambia Nasimiyu kwamba huyu ndiye fundi aliyemwachia gari asubuhi. Oduor alisema alikuwa amepiga simu. Hakusema kwa nini.

Nasimiyu alimtazama mara moja, akarudi kwenye injini. Oduor alisogea na kuona anachotazama. Siku Nasimiyu alipomaliza kurekebisha gari lile, alikuwa amechora mstari mwembamba wa rangi nyekundu ya kucha kutoka kwenye shingo ya distribyuta hadi kwenye chuma cha injini, ili ajue kama itasogea. Asubuhi ile Oduor hakuuona kwa sababu ulikuwa upande wa chini, na kwa sababu alikuwa na haraka. Sasa mstari ulikuwa umekatika, nusu huku na nusu kule, umeachana upana wa ukucha.

"Mzee, hii kitu imesonga," Nasimiyu alimwambia Kimaiyo.

"Imesongaje?"

Nasimiyu aliigusa bolti kwa spana. Oduor aliona kwamba imekazwa kabisa, na akajua kwamba Nasimiyu naye ameona. Nasimiyu aliirudisha spana mfukoni.

"Barabara ni mbaya," alisema. "Labda ilitetemeka ikalegea."

Alikuwa amemfungulia mlango wa kutokea, na alichotakiwa Oduor ni kunyamaza tu. Mzee angerudi nyumbani, mambo yangepoa. Lakini alipomtazama mwanamke yule anayemhifadhia heshima yake mbele ya mteja wake wa miaka ishirini na sita, alimwonea wivu hata kwa wema huo. Hakuweza kuvumilia kwamba na hilo pia liwe la mwanamke huyo.

"Haikulegea," alisema. "Mimi ndio niliigeuza. Leo asubuhi, ukiwa kliniki."

Kimaiyo hakuelewa kwanza. Oduor alirudia, na safari hii akaeleza: bolti, spana, na kwa nini. Alilitaja neno lenyewe, wivu, na lilitoka mdomoni kwa sauti ndogo isiyofanana na yake. Mzee alirudisha kofia kichwani. Lori la mbao lilishuka likiwapita, na upepo wake ukapeperusha nyasi alipokuwa ameketi.

"Moja kama hiyo imenikosa hivi," alisema, akionyesha kwa kiganja. "Ningekufa hapa, ungekuja matanga?"

Oduor alikwenda nyuma ya gari. Alisaidia kulisukuma hadi mahali pa salama, kisha akashuka Nakuru. Alimweleza Valarie yote kabla ya kuvua viatu. Valarie hakumgombeza. Alimwuliza tu kama viazi vile wavile au wavirudishe, na Oduor akasema hajui.

Joto lilikuwa limeunguza gasketi ya hedi, ile inayoziba kati ya injini na kichwa chake, na maji yalikuwa yameingia kwenye mafuta. Siku ya tatu simu yake iliita, nambari asiyoijua. Alikuwa Nasimiyu. Hakumsalimu sana. Alikuwa amefungua hedi, akakuta tundu moja la bolti limetiwa bushi ya chuma, kama kipande kifupi cha bomba, ambayo hajawahi kuiona kwenye injini za namna hiyo, na hakutaka kuikaza bila kujua itastahimili nguvu kiasi gani. Oduor alimweleza: mwaka wa 1998 nyuzi za tundu lile zilikuwa zimekwisha, akachonga bushi mwenyewe kwenye mashine ya rafiki yake, nayo inakazwa kwa hatua tatu, ikiachwa ipoe katikati.

"Kuja unionyeshe," Nasimiyu alisema. "Nimeongea na mzee. Amesema usiguse kitu kama siangalii."

Sharti hilo lilikuwa chungu, naye alilikubali. Alipanda Elburgon siku mbili. Alipeleka hedi kusawazishwa Nakuru na kuirudisha. Alimkabidhi Nasimiyu spana kama fundi msaidizi, na kila alichotaka kugusa alingoja kwanza Nasimiyu ageuke amwone. Nasimiyu hakumfanyia ukali, wala hakumbembeleza. Mara moja tu alipitisha kidole kwenye ile bushi akasema ni kazi safi, na Oduor akageuka kutazama upande wa mashine ya mbao.

Aliuliza kuhusu jeti. Ilimchukua siku nzima kuuliza. Nasimiyu alimwonyesha plagi: za zamani zilikuwa nyeusi kwa masizi, za sasa zilikuwa na rangi ya kahawia nyepesi kama biskuti. Alimweleza kwamba Olkaria aliwahi kuhamisha jenereta kutoka bondeni hadi mlimani na ikawa inakohoa, na ndivyo alivyojifunza kurekebisha mashine pale pale inapofanyia kazi. Alisema hayo bila majivuno. Oduor angefurahi zaidi kama angejivuna kidogo.

Siku ya pili jioni, kabla jua halijazama, walilijaribu gari. Nasimiyu aliendesha, Kimaiyo aliketi mbele, Oduor nyuma kwenye benchi la chuma. Walipanda mlima. Alingoja mkono wa Nasimiyu uende kwenye gia ya pili, pale ambapo kwa miaka yote Kimaiyo alimwambia gari huishiwa. Mkono haukwenda. Walipanda kwa gia ya tatu hadi kileleni, nyuma hakuna moshi, na injini ikiimba chini yao. Wivu ulimpanda kifuani kama kiungulia. Aliuacha upande, akashikilia chuma cha benchi, akatazama mashamba ya ngano yakirudi nyuma.

Kimaiyo alimshukuru Nasimiyu kwa maneno mengi. Kwa Oduor alitoa mkono, wakashikana kwa muda mfupi, akasema safari njema. Hakuleta tena gari Nakuru. Wakikutana mjini husalimiana na kuulizana habari za watoto, na huishia hapo. Oduor amekwisha kuacha kungoja zaidi ya hayo.

Mwezi wa Oktoba alikuja mwanamke mmoja wa Longonot anayeitwa Joan, mwenye Jeep ya mwaka wa sabini na mbili ya kupandishia watalii hadi kwenye lango la mlima. Alilalamika kwamba ikifika huko juu inatoa moshi na kuchoka. Oduor hakumwambia kwamba gari limezeeka. Alipakia vifaa vyake, wakaenda pamoja hadi Longonot, akaliendesha mwenyewe kwenye vumbi la majivu ya volkano, akapanda na kushuka, akatoa plagi na kuitazama. Ilikuwa nyeusi. Alisimama kando ya gari kwa muda mrefu, simu mkononi, kabla ya kubonyeza.

Nasimiyu alipokea akiwa anatafuna kitu. Oduor alimweleza injini, umri wake, na mwinuko wa mahali. Nasimiyu alimtajia nambari ya jeti papo hapo, bila kufikiri, na akamwambia ageuze distribyuta kidogo ili moto uwahi. Oduor aliandika kwenye kiganja kwa kalamu, akashukuru.

Wiki iliyofuata Jeep ilipanda hadi langoni bila kuyumba. Joan alimsifu sana, akasema Nakuru nzima hakuna fundi kama yeye. Oduor alipangusa spana zake akazirudisha kisandukuni moja moja. Joan alimsifu mara ya pili, na hapo ndipo Oduor alipomwambia kwamba nambari ya jeti alipewa na fundi mmoja wa Elburgon, mwanamke, na kwamba anaitwa Nasimiyu.